Mhandisi wa Kuziba Simu Masikio

Mafundi wa manispaa walikuwa bado juu ya ngazi, wakiikaza kamera kwenye nguzo ya njia panda, Mhandisi alipouona ugali wake wa siku. Alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya uso ina povu. Kupitia kioo alimwona muuza nyama wa ng'ambo ya barabara akishusha pazia haraka haraka, ingawa jua halikuwa upande ule. Mtu anayejificha bila kufukuzwa ana lake jambo, na mwenye lake jambo hajadiliani sana bei.

Tuelewane mapema: hakuwa mhandisi. Hajawahi kubadilisha hata balbu. Hilo lilikuwa jina la mji huu tu. Mji uliopita aliitwa Mchungaji, na ule wa kabla yake Daktari wa Meno, cheo alichokiacha mbio baada ya mgonjwa wa kwanza. Jina la kuzaliwa alikuwa hajalitamka kwa miaka sita, na hiyo ndiyo mali pekee aliyoilinda kwa dhati, kwa kuwa mtu asiyejulikana hafuatwi.

"Kamera si kitu," alimwambia kinyozi, kwa sauti ya kufika barabarani. "Kamera ni macho tu. Masikio umeyabeba mwenyewe mfukoni."

Kinyozi akasimamisha wembe. "Mfukoni mwangu mna simu tu, kaka."

"Umeona? Umejijibu mwenyewe."

Kufikia saa sita mchana, foleni ilikuwa imetoka nje ya kibanda cha kinyozi na kukunja kona. Mhandisi aliwaeleza jinsi alivyofanya kazi katika chumba cha chini ya ardhi, ambako serikali na kampuni za simu huketi meza moja wakisikiliza watu. "Ukisema asubuhi unataka viatu, jioni simu inakuletea matangazo ya viatu. Nani kaiambia?" Watu wakatazamana. Swali lilikuwa la kweli kabisa, maana uongo mzuri hupikwa kwa ukweli kidogo, kama chai inavyopikwa kwa maji.

Tiba yake ilikuwa nyepesi. Simu inalala siku tatu ndani ya sanduku la bati lenye dawa, inatoka imezibwa masikio. Sanduku likifunguliwa kabla ya siku hizo, simu zote zinageuka bubu milele. Na nyuma ya kila simu, mwenyewe abandike karatasi yenye namba ya siri, "ili dawa ipate mlango wa kuingilia". Basi watu wale wale waliokuwa wakiitafuta faragha kwa udi na uvumba wakaziandika namba zao za siri kwa mwandiko wa kupendeza. Wengine wakapigia na mstari.

Ili kuua wasiwasi, Mhandisi alikuwa wa kwanza kutumbukiza simu yake.

Muuza nyama alileta tatu. "Hii ya nyumbani. Hii ya kazini. Na hii..." akageuka kutazama nyuma, "hii ya mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Mjomba tu."

"Ndiyo maana tupo," Mhandisi akasema kwa huzuni ya kitaalamu.

Saa tisa sanduku lilishiba simu arobaini na moja. Akatia kufuli. Basi la kuondokea nalo lilikuwa la saa kumi. Hapo ndipo akaingia Shangazi.

Shangazi aliuza vitambaa duka la tatu kutoka pale, mjane mpole asiyepandisha sauti. Simu yake, iliyopasuka kioo, aliishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, humu mna sauti ya marehemu mume wangu, ananikumbusha kununua chumvi. Sina nyingine. Kabla sijakuachia, niambie: wewe ni mwana wa nani?"

Kila mtu akamgeukia mwenzake. Kinyozi alikuwa akidhani muuza nyama anamjua. Muuza nyama alikuwa akidhani kinyozi anamjua.

"Shangazi, kazi yetu ni ya siri..."

"Yangu nikupe, yako ufiche? Nipe namba ya ndugu yako mmoja. Nimsalimu tu."

Salamu haikataliwi, hata tapeli anajua. Alikuwa na mwenzake wa kazi, fundi wa kujifanya katibu mkuu au baba mkwe kwa simu wakati wowote. Lakini namba ya mwenzake ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa ndani ya sanduku.

"Si ulifungue kidogo?" kinyozi akashauri.

"Zigeuke bubu?" Muuza nyama akalikalia sanduku kwa uzito wake wote.

Mhandisi akapekua kichwani. Siku hizi nani anakariri namba? Alikuta moja tu. Akitunga nyingine, atapokea nani? Shangazi alikuwa tayari ameinua kidole juu ya simu yake. Bora mama, akawaza. Mama hamwagi mtama wa mwanawe. Akaitaja.

Shangazi akaweka spika. "Haloo, dada, habari za huko? Nina kijana hapa, mhandisi wa serikali, anasema ni wako."

"Mhandisi?" mama akashangaa spikani. "Ana kovu kidevuni?"

Foleni nzima ikainama kutazama. "Analo."

"Alianguka akiiba mapera ya jirani. Ni mwanangu huyo!" Akalitaja jina lake kamili, la baba, la babu, darasa aliloachia shule na mwaka alioacha kukojoa kitandani. "Mwambieni arudishe cherehani yangu!"

"Mama," ikamtoka. Hakuwa amepanga.

"Kumbe uko hai." Mama akaanza kulia.

"Mama, ile cherehani..."

"Nani kakuuliza cherehani? Nakuja. Mtaa gani huo?"

Watu arobaini wakamwelekeza kwa pamoja.

Shangazi akanyoosha mkono, naye Mhandisi akampa ufunguo. Hakuna simu iliyogeuka bubu; ya mjomba ililia papo hapo, na mjomba akaongea kwa sauti nyororo ya kike mbele ya mtaa mzima.

Basi likapiga honi. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemshika. Lakini akimbilie mji gani, na kila aliyepata simu yake alikuwa akituma picha ya Mhandisi na ukoo wake kwa shemeji na mabinamu? Akaketi kumngoja mama, akifuta macho kwa mkono wa shati.

Jina lake sasa linajulikana hadi mji wa tatu. Mimi silitaji. Mtu naye ana faragha yake.