Nakala Tisa za Mwalimu Taratibu

Jumatatu, 3 Machi

Ukurasa wa mafaili kwenye tovuti ya shule yetu ya udereva umegoma. Ukibofya, kiduara kinazunguka tu. Mwalimu mpya, tunayemwita Breki, alitaka kupakia picha zake akiwa ameegemea gari, mikono kifuani. Akaniuliza kwenye ofisi hii kazi yangu ni nini hasa. Nikamjibu kwamba labda tovuti imeziona hizo picha ikazimia. Hakucheka.

Shajara haina mdomo, kwa hiyo nakiri. Ni mimi. Marehemu mume wangu, Mwalimu Taratibu, alifundisha hapa miaka kumi na tisa. Kamera ya garini ilimrekodi siku moja, dakika thelathini na nane. Mwanafunzi anashuka, yeye anabaki, ananipigia simu kuuliza kama sukari ipo. Nilijibu ipo. Anacheka, maana alijua ningesema ipo hata kama haipo. Sina sauti yake nyingine. Simu yangu ilipoanza kufa niliiweka video kwenye mafaili ya shule. Kisha nikaogopa itapotea, nikaongeza nakala. Sasa ziko tisa.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa shule kasema fundi wa tovuti anakuja Alhamisi, na atafuta kila faili kubwa atakalolikuta. Nikapata wazo: nifupishe majina. Video iliitwa "Mwalimu Akimfundisha Yule Dada Kurudi Nyuma". Refu mno, lazima iwe nzito. Nilibofya ukurasa, nikaenda kuosha vikombe vyote vya ofisi, niliporudi ulikuwa umefunguka. Nikaziita zote "Fomu" na namba, nikazificha kwenye folda ya Fomu. Uzito haukupungua hata kidogo. Nimedhulumiwa na kompyuta.

Jumatano, 5 Machi

Wazo bora zaidi. Nimeikata video vipande thelathini na nane, dakika moja moja. Kitu kidogo kinapita popote. Nimevipakia vyote, kazi ya mchana kutwa. Zile nakala kubwa sikuzifuta. Nitajuaje kama vipande ni vizima?

Sasa ukurasa haufunguki kabisa. Nimeosha vikombe mara mbili. Breki anapita akisema ofisi hii inaendeshwa huku hendibreki imevutwa. Nikamnong'oneza Mkuu kwamba huenda ni picha za Breki, jinsi anavyojaza kifua. Mkuu akasema maskini huyo hajafanikiwa kupakia hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi amefika, mama mpole mwenye miwani. Nikampa chai. Nikamwambia asijisumbue na folda ya Fomu, mna fomu tu. Akaanza na hiyo hiyo. Kumbe hahitaji ukurasa wetu. Anaingilia nyuma, kwenye kompyuta inayotunza tovuti yenyewe.

Akaeleza kwamba ukurasa, kabla ya kufunguka, hutengeneza kipicha cha kila video. Kubwa zinauchosha, na nyingi zinaukata pumzi. Akauliza nani ameweka filamu moja mara tisa, halafu akaikatakata kama nyama. Mkuu yupo. Breki yupo mlangoni. Nikasema ni vifaa vya kufundishia. Fundi akabofya moja ahakikishe.

Sauti ya mume wangu ikajaa ofisi: Taratibu, dada. Kioo kwanza, mguu baadaye.

Tukasikiliza mpaka kwenye sukari. Breki akavua kofia. Akaniambia, shemeji, mimi nilifeli mtihani wa barabarani mara tatu, na yule mzee aliyenifundisha hakunifokea hata siku moja. Akauliza kwa sauti ndogo kama kamera ilimrekodi na yeye.

Fundi hakufuta kwanza. Aliihamishia video kwenye kidiski kidogo, akanikabidhi mkononi, tukaifungua pamoja kuona kama inacheza. Inacheza. Ndipo akafuta nyingine zote, pamoja na vipande vyote. Akaniomba nisiweke tena video humo. Nikaapa mbele ya Mkuu. Kisha nikakaa. Miezi minane tangu afariki sijashusha mabega namna hii.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa unafunguka kabla hujamaliza kubofya. Picha za Breki zimepanda, zote kumi na nne. Nimemsifu kwa moyo safi.

Mchana akaja wifi yangu, dada wa marehemu, na video ya harusi yetu. Ina urefu wa saa mbili na dakika arobaini. Kwake watoto wanachezea kompyuta, anahofia wataifuta. Akauliza kama nina mahali salama. Nikamwambia nimeapa. Akasema, wifi, si uliapa kuhusu video za gari?

Nikatafakari. Kweli, harusini hakuna anayeendesha.

Nimeiweka kwenye folda ya Vyeti vya Wanafunzi. Nakala moja tu. Halafu nikaitazama ilivyokaa peke yake mle ndani, nikaiongezea mwenzake.