Remigia Niliyemzua

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Montevideo nzima inakohoa. Ila kuna habari! Nelly Bentancur, mratibu wetu wa Hornero, katangaza kwamba wafadhili wametoa nafasi ya mshahara. Moja tu. Hornero ni programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Yeyote huichukua bure, yeyote huirekebisha bure, na huyo yeyote kwa miaka sita ni mimi, Wáshington Olivera. Wanachama watapiga kura Ijumaa. Elbia, mke wangu, kasema nisiposhinda, Jumatatu naripoti buchani kwa kaka yake. Mimi! Nikiona damu huzimia.

Jumanne, 4 Juni
Mpinzani ni Ismael. Ana miezi minane tu kwetu. Adabu tele, kazi haba. Tatizo jingine: kwetu rekebisho haliingii mpaka mwanachama wa pili aliidhinishe, na ya kwangu yanaoza kwenye foleni. Hakuna anayetaka kuyasoma. Nelly alishaniambia, kwa upole, kwamba watu wanaogopa majibu yangu. Wivu mtupu!

Dawa nimeipata. Nimefungua akaunti ya pili, na kwetu mwenye akaunti ndiye mwanachama: Remigia Sosa, mkutubi mstaafu wa mji wa Tacuarembó. Kufikia saa nne alikuwa kaidhinisha rekebisho langu la kwanza, akaandika, "Huyu Wáshington ni kichwa!" Nikamshukuru mbele ya wote.

Jumatano, 5 Juni
Remigia akinisifu mimi tu watashtuka. Nikamtuma ajibu maswali ya wageni. Mama mmoja wa Paraguay aliuliza jinsi ya kufuta kitabu kilichopotea. Mimi ningemwambia akasome maelekezo. Remigia alimweleza hatua kwa hatua, akamwita "mwanangu". Saa mbili zilipotea hapo! Nelly kampongeza. Hata Ismael kamwambia, "Karibu sana mama, siku zote ulikuwa wapi?"

Mimi sijawahi kuulizwa nilikuwa wapi. Iliniuma kidogo.

Ijumaa, 7 Juni
Nafasi kapewa Remigia!

Walimpendekeza wenyewe, asubuhi hii hii. Kura kumi na moja. Ismael nne. Mimi mbili, yangu na ya Remigia.

Niliona giza. Nikaandika, kwa jina langu, mbele ya wote: kikongwe huyu ni nani? Katokea wapi? Hajaandika mstari hata mmoja wa programu! Kila neno kweli tupu. Ismael akajibu, "Mzee, mheshimu mama wa watu." Saa sita Nelly alinifungia mwezi mzima, kwa kumdhalilisha mwanachama mpya. Kisha akamwandikia Remigia kumwomba radhi kwa niaba ya mradi. Barua nzuri sana. Nimeisoma nikalia.

Jumamosi, 8 Juni
Mkataba unataka kitambulisho, na sura ya Remigia kwenye kamera. Nimemsihi Elbia ajitande shali akae mbele ya kamera dakika kumi tu. Kacheka mpaka kibuyu cha chai ya yerba kikamdondoka. "Umejibwaga mwenyewe, ukajitukana mwenyewe, ukafukuzwa peke yako," kasema. "Nenda kanoe kisu, mzee."

Remigia kaikataa nafasi kwa sababu za kiafya. Kampendekeza Wáshington. Nelly kamjibu kwamba ana moyo wa ajabu, kumsamehe mtu kama yule. Nafasi kapewa Ismael.

Sina hamu ya kula. Sina hamu ya chochote.

Jumatatu, 10 Juni
Bucha. Nimezimia mara mbili, ya pili juu ya mteja. Shemeji Nelson kanikalisha kwenye kreti, kanitangazia mbele ya foleni nzima kwamba hata kufunga soseji siwezi. Kesho napewa ufagio. Miaka sita ya akili, kisha ufagio!

Jioni nimechungulia Hornero. Ismael kalemewa. Maktaba zimeripoti hitilafu kumi na tisa, zote katika sehemu niliyoiandika mimi, na hakuna anayeielewa. Kamwandikia Remigia: mama, afya ikiruhusu, tusaidie, hata kidogo tu.

Mimi nimefungiwa. Remigia hajafungiwa. Hapo ndipo walipokosea! Kabla ya Ijumaa nitazirekebisha zote kumi na tisa, kwa jina lake, bure. Ndipo watakapojua nani alistahili ule mshahara.