Fundi Viatu wa Udongo na Vigezo Vyangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhulumiwa. Naliandika neno hilo kwanza lisije likapotea katikati ya maelezo.

Kikao cha walimu leo mchana. Mkuu wa shule ametangaza kwamba klabu ya sanaa itatengeneza filamu za picha moja moja. Unaunda kisanamu, unakipiga picha, unakisogeza kidogo, unapiga tena, na ukizichezesha picha zote kwa kasi, kisanamu kinatembea chenyewe. Filamu zitaonyeshwa siku ya wazazi. Baada ya hapo, mama huyu akasema, atamteua kiongozi wa Idara mpya ya Sanaa. Idara yenye ofisi. Ofisi yenye mlango. Mlango wenye ufunguo! Mwalimu wa sanaa katika shule hii ni mmoja tu, nami ndiye. Nikaanza kuinuka nitoe shukrani.

Mkuu hakuwa amemaliza. Kupanga miradi ni kazi yangu. Kuitathmini na kutoa alama ni kazi ya Bwana Dira.

Bwana Dira anafundisha jiografia! Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, eti hajawahi kumpotosha mtu. Meza ya ofisini tunagawana mimi na yeye, na tufe lake la dunia limekalia upande wangu tangu alipohamia. Nimelivumilia tufe. Sasa anataka na idara. Nikauliza, kwa adabu zote, kwa nini yeye. Mkuu akajibu kwamba Bwana Dira ni mtu wa haki. Kichwa baada ya kichwa kikaitikia. Hakuna aliyegeuka kunitazama mimi, ambaye haki imenijaa hadi puani.

Lakini vigezo vya alama nitaviandika mimi. Mkuu ameniomba mwenyewe. Nimeviandika jioni hii hii. Hadithi, alama chache. Ufundi, alama chache. Utulivu wa mwanga: karibu nusu ya alama zote.

Nina sababu zangu.

Jumanne, 4 Machi

Klabu ina vikundi viwili. Cha kwanza nimekichukua chini ya mbawa zangu na kukipa stoo ya vifaa: haina dirisha, ina taa moja, mwanga haubadiliki asubuhi wala jioni. Cha pili nimekipeleka kwenye kona ya ukumbi yenye dirisha kubwa, jua linaingia na kutoka litakavyo. Katika kikundi cha pili yumo mpwa wa Bwana Dira, mtoto wa dada yake. Binti mpole, wenzake wanamwita Kimya. Niliwaambia kwamba wabunifu wanahitaji hewa safi. Kimya akanishukuru. Akaongeza shikamoo. Nikaitikia na kuondoka haraka.

Halafu hadithi zao. Kikundi cha Kimya: kiti kilichotengenezwa kwa njiti, kiko peke yake chumbani. Basi! Nikauliza kiti kinafanya nini. Kimya akasema kinamngoja babu yake. Nikauliza babu anaingia wakati gani. Akasema haingii, alifariki mwaka jana. Nikawapa ruhusa. Filamu ya kiti kisichokaliwa haiwezi kumshinda mtu.

Kikundi changu kinaongozwa na binti wanayemwita Mwanasheria, kwa kuwa humwambii jambo asikuulize kwa nini. Hadithi yao: mzee fundi viatu, wa udongo wa kuchezea, anashonea watu viatu siku nzima, ila yeye mwenyewe ana kiatu kimoja tu na anakitafuta cha pili. Nikawaambia hadithi ni ndogo. Watie vita. Watie farasi, mafuriko, mfalme. Mwanasheria akauliza nani atawafinyanga hao farasi. Nikamwambia huo ni ufinyu wa mawazo. Akasema sawa, mwalimu, na wakaendelea na fundi viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijapata kuona kazi inayotambaa hivi! Vipindi viwili mfululizo, na yule mzee ameinua nyundo tu. Hajaishusha. Kwa mwendo huu siku ya wazazi itamkuta bado anakuna kichwa.

Mapumziko, watoto wako uwanjani. Nikaingia stoo. Nia yangu ilikuwa njema, naiandika hapa ili ijulikane. Nikamwendesha mzee kutoka ukingo mmoja wa meza hadi wa pili, mkono mmoja ukimsogeza, mwingine ukibonyeza simu ya klabu, ili kuokoa muda. Kazi ya wiki nzima kabla ya kengele! Karibu na ukingo mguu wake wa kushoto ukang'oka. Nikaubandika. Umekaa upande kidogo, lakini mzee ni mzee.

Wakarudi. Mwanasheria akamtazama fundi, akautazama mguu, akauliza nani aliyeingia. Nikasema huenda ni panya. Akauliza panya gani anayejua kupiga picha. Sikupenda sauti ile. Halafu macho yake yakatua kwenye kucha zangu, ambazo zilikuwa zimejaa udongo wa bluu. Fundi amevaa aproni ya bluu.

Nikawakumbusha kwamba kufanya kazi kwa tuhuma kunaharibu umoja.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amenivunja moyo. Ni muuguzi, alirudi kutoka zamu akakuta vijiko vyake vyote vimepangwa mezani. Nilikuwa naviandamisha, picha moja moja, viunde maneno: CHINI YA UONGOZI WA, kisha jina langu. Nilitaka yaingie mwanzoni mwa filamu. Jina langu ni refu, vijiko vikaisha, nikaingia kwenye uma.

Dada akauliza yeye atakula wapi. Nikamweleza kwamba yuko mbele ya sanaa. Akavua viatu, akakaa, akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaochomoa dripu wenyewe.

"Mdogo wangu," akasema, "filamu ni ya watoto. Kwa nini usiwaachie?"

Nikamwambia kwamba kuongoza si kukaa pembeni. Akachukua kijiko kimoja, kilichokuwa sehemu ya herufi muhimu sana, akaanza kula.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi ilianza vizuri. Nilichungulia kwenye kona ya dirisha, nikaona balaa tupu. Jua limeingia katika kila picha! Mstari wa mwanga unahama, leo sakafuni, kesho ukutani. Nilijikaza nisicheke. Nikamwendea Bwana Dira, uso wa huzuni, nikampa pole kwa yaliyompata mpwa wake.

Akasema ahsante kwa kumjali. Kisha akaniambia kwamba hilo la mpwa limekuwa likimkosesha raha, na kwa hiyo amemwomba Mkuu amwondoe kwenye kutathmini. Mkuu mwenyewe ndiye atakayetoa alama. Mtu amejivua mamlaka kwa hiari yake! Na bado wanasema ana akili.

Nikachunguza zaidi. Stendi ya simu wanayotumia akina Kimya wameazimwa na nani? Na mjomba! Damu ikanichemka. Kumbe kuna mkono wa mtu. Nikakimbia kuongeza kigezo cha mwisho, nikakipeleka kwa Mkuu kwa miguu yangu mwenyewe: Mkono wa mtu mzima usionekane popote katika kazi, ukionekana, alama zikatwe bila huruma. Mkuu akakisoma, akasema ni kigezo kizuri sana. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na uhakika kama huu.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungiwa nje. Mimi! Kikundi changu kinaunganisha picha ndani ya stoo na komeo wamelitia. Nikagonga. Mwanasheria akasema kwa ndani kwamba hawawezi kufungua kwa sababu ya kigezo cha mwisho: mtu mzima akiingia, wao ndio watakaoumia. Nikasema kigezo kile nimekiandika mimi. Akasema ndiyo, mwalimu, na kimeandikwa vizuri.

Nikaenda kushtaki kwa Mkuu. Akasema watoto wanajitegemea, na kujitegemea kumo kwenye mpango niliouwasilisha. Nimeupekua. Kweli kumo. Siku nyingine nitaandika kwa mwandiko mbaya.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya wazazi. Naandika nikiwa nimejilaza, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso.

Wakaanza na kiti. Chumba kitupu, kiti cha njiti, na ule mstari wa jua. Ukaingia kwa chini ya ukuta, ukavuka sakafu polepole, ukafika kwenye mguu wa kiti, ukapanda. Ukakaa. Ndiyo, mwanga ulikaa kitini, hakuna neno lingine. Kisha ukainuka, ukapanda ukutani, ukatoka. Mama mmoja mbele akavua miwani na hakuivaa tena. Nadhani ni mama yake Kimya. Bwana Dira alikuwa akitazama viatu vyake.

Mkuu akatoa alama zote za mwanga. Zote! Nikasimama, mbele ya wazazi, nikasema kigezo ni utulivu wa mwanga, na mwanga ule ulikuwa ukitembea kila mtu akiuona.

"Mwalimu," akasema Mkuu, "mimi sijawahi kuona mwanga uliotulia kama ule. Kaa tafadhali."

Ikaja yetu. Fundi viatu akaonekana, akainua nyundo, akapiga. Watu wakatabasamu. Akaangalia chini ya benchi, hakuna kiatu. Ndipo kutoka juu ukashuka mkono mkubwa wenye kucha za bluu na shati langu la mistari. Ukamkamata mzee shingoni, ukamburuta meza nzima, ukamng'oa mguu. Ukumbi ulilipuka. Mzazi mmoja alishikilia mbavu. Hawakuzifuta picha zangu, wamezijengea hadithi! Mkono ukatoweka. Mzee akautazama mguu uliong'oka, akakitazama kiatu chake kimoja, akautazama mguu uliobaki. Akakivaa. Kimemtosha, hana haja tena ya cha pili. Kisha akaruka kwa mguu mmoja hadi benchini, akatundika kibao kidogo: USIGUSE. Akaendelea kushona.

Makofi hayo! Nilitaka kuinama kupokea sehemu yangu, lakini Mkuu alikuwa anasoma kigezo cha mwisho kwa sauti. Mwanasheria akaomba kusema.

"Mkono ule hatukuualika," akasema, kwa utulivu unaokera. "Ulikuja wenyewe sisi tukiwa mapumziko."

Mkuu akatafakari. Akasema kigezo kinataka alama zikatwe, naye atazikata, lakini kwa mwenye mkono. Vikundi vyote viwili vikapewa alama za juu. Idara, akatangaza baada ya chai, itaongozwa na Bwana Dira.

Alikuja kunipa mkono. Akasema angependa tushirikiane, bila mimi kazi isingekuwepo. Eti bila mimi! Alisema hivyo bila hata kutabasamu. Sijui mtu kama huyo unamchukiaje vizuri.

Dada, nilipomsimulia, alicheka hadi akaomba maji. Akasema angelipa kiingilio.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeyapima mambo kwa kichwa kilichopoa. Kosa nimeligundua: lile shati la mistari. Mikono ingekuwa mitupu, nani angejua ni ya nani?

Leo nimepewa jukumu jipya. Ijumaa ni mdahalo baina ya madarasa, Mwanasheria ndiye mzungumzaji mkuu wa upande mmoja, na mimi nitakuwa mtunza muda. Kukaa tu na kutazama saa, akasema Mkuu, hakuna kingine chochote. Alilirudia hilo la hakuna kingine.

Nimepita ukumbini wakati hakuna mtu. Saa ya ukutani iko juu, lakini ukipanda kiti unaifikia. Nimeisogeza mishale mbele. Kidogo tu.