Kebo ya Gia na Safari ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba
Imetoka amri. Jumamosi nampeleka mama mkwe harusini Sengerema, kwa gari la marehemu baba mkwe. Nikimfikisha salama, ufunguo unabaki kwangu. Nikiharibu, unakwenda kwa Odoyo, mume wa dada yake Modesta wangu. Odoyo! Mtu wa pikipiki!

Tatizo moja: mkono wa gia umelegea. Modesta anasema nipeleke Igoma kwa fundi Chenge. Kwa kebo moja tu? Jamani.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimelala chini ya gari tangu asubuhi. Kebo ni waya tu, umetoka kwenye mkono wa gia hadi kwenye giaboksi. Nimelegeza nati, nikavuta, nikakaza. Oili hadi sikioni. Chenge ale wapi sasa, masikini?

Alhamisi, 9 Oktoba
Kasoro ndogo. Herufi zimehama. Nikiweka D, ya kwenda mbele, gari linanguruma na kusimama palepale. Nikiweka N, ya kusimama bila gia, linarudi nyuma. Kwenda mbele ni kwenye 2. Modesta akashika kichwa. Nikamwambia faida yake: mwizi hafiki hata getini! Nimekariri zote kwa sauti. Odoyo kapita, akauliza naongea na nani humo garini. Wivu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumetoka Nyakato vizuri kabisa. Mama mkwe kiti cha nyuma, kitenge kipya. Kwetu mkwe hatazamwi ovyo, kwa hiyo kioo cha ndani nilikigeuzia darini, na shingo sikuigeuza hata kidogo. Adabu! Odoyo alitufuata na pikipiki yake, eti naye kaalikwa.

Kwenye foleni ya kivuko, mfanyakazi mmoja akaniamuru niweke N, nisubiri. Mimi mtu mtii. Nikaweka N.

Tukaanza kurudi nyuma. Nigeuke nimtazame mama mkwe? Haiwezekani! Nikakaza macho mbele, kiheshima, huku watu wakipiga yowe. Puu! Odoyo aliruka, pikipiki ikalala chini ya bampa. Ndipo mama mkwe, ambaye tangu nioe hunisemesha kupitia Modesta, akapaza sauti mwenyewe: Mashimba, kanyaga breki!

Kanitaja jina! Mbele za watu! Nilisikia raha hadi nikachelewa kukanyaga.

Jumapili, 12 Oktoba
Harusi imetupita. Chenge kaitwa, karekebisha kebo, kacheka hadi akakaa chini. Ufunguo kapewa Odoyo, kufidia pikipiki. Nimeumia, sifichi.

Lakini mama mkwe katuma ujumbe kupitia Modesta: mimi bado ni mwanawe, ila nisiguse tena waya wowote wa gari lile. Waya! Hajakataza kingine. Nimechunguza chini ya gari: breki za miguu hazina waya, zinatumia mafuta tu. Odoyo kasema zinalia kidogo. Kesho, kabla hajaamka, nazifungua zote nne, nizinyamazishe. Mwenyewe ataurudisha ufunguo kwa mikono miwili.