Supu ya Mifupa, Mnazi Mmoja

Jumatatu, 14 Julai
Mke wangu Euphrasia kavunjika mkono. Aliteleza kidogo tu kibarazani na beseni la nguo! Daktari kasema mifupa yake imekonda kwa ndani, umri nao unachangia. Kaandikiwa dawa, maziwa, dagaa, jua na mazoezi. Mama Hiral wa ghorofa ya juu, mfamasia mstaafu, keshamwingiza kwenye kikundi chake cha kutembea asubuhi pale Mnazi Mmoja. Akina mama tele, wote wana hofu ya mifupa. Na hakuna anayewauzia kitu! Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 16 Julai
Nimezindua! Supu ya mifupa ya ng'ombe. Mfupa hujenga mfupa, nani atabisha? Mama Hiral alibisha. Alionja, akasifia chumvi, kisha akawatangazia wenzake kwamba kikombe cha maziwa kinaishinda sufuria yangu nzima. Mbele ya wateja! Akaniuliza pia kama najua sigara inadhoofisha mifupa. Nikamjibu kwamba huo ni ugonjwa wa wanawake.

Alhamisi, 17 Julai
Fundi cherehani Rajabu kaniharibia. Suruali zangu zote zinafagia barabara. Nikamfokea. Akapima upya, akakuna kichwa.
"Mzee, suruali haijarefuka. Wewe ndiyo umefupika."
Nimehama fundi.

Jumamosi, 19 Julai
Leo ilikuwa siku ya kumzima Mama Hiral. Nikawaita akina mama waone nguvu za mnywaji supu. Nikainama, nikanyanyua sufuria iliyojaa. Mgongo ukalia kama kuni kavu. Nikaenda chini, supu ikaenda kwa paka. Euphrasia akapiga magoti kwenye mchuzi, mkono mmoja kwenye plasta, akinishika kwa ule mzima.
"Baba Nice, jamani, usife kwa ajili ya supu!"
Alilia kweli. Sikujua kama bado ana machozi yangu.

Jumatatu, 21 Julai
Picha imeonyesha pingili ya mgongo imebonyea; kumbe fundi Rajabu alisema kweli. Mifupa yangu mibovu kuliko ya mke wangu! Daktari kasema hata wanaume hupata, hasa mvuta sigara anayekaa kutwa dukani kama mimi. Nisinyanyue kitu kizito. Mama Hiral kaja na chupa ya maziwa ya moto. Hakunicheka hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko mgongo.

Jumatano, 23 Julai
Nimelala, nawaza. Daktari anataka watu waote jua. Kariakoo nzima ni maghorofa, jua linaishia juu, na paa letu liko wazi! Nitakodisha viti huko. Nitaliita kwa jina langu: Jua la Kasmir! Mama Hiral atakoma. Kaondoka na Euphrasia mazoezini, viti viko chini stoo, lifti mbovu. Navipandisha mwenyewe kabla hawajarudi. Daktari alikataza kitu kizito. Kiti cha plastiki nacho ni kitu?