Mbwa Kumi na Mmoja na Kipa Mmoja

Fittja, 14 Mei

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Historia ya Mtaa

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Firmin Bahati, mzaliwa wa Bukavu, dereva wa basi, na kapteni wa timu ya mpira ya Jumamosi ya Wakongo na Warundi. Binti yangu Kelly ataitafsiri barua hii kwa Kiswidi. Nimemkataza kupunguza hasira.

Nimeusoma ubao mliouweka kwenye uwanja wetu wa zamani kabla magorofa hayajaanza kujengwa. Ni ubao mzuri, ila una makosa.

1. Mmeorodhesha mbwa kumi na mmoja waliowahi kushindana hapo enzi za mbio za mbwa, kwa majina yao na ya mama zao. Kisha mmeandika kwamba baada ya mbwa uwanja haukutumika. Sisi tumecheza hapo miaka kumi na saba!

2. Mbwa hao walimfukuza sungura wa bandia aliyevutwa na mashine, na hakuna aliyemkamata. Sisi nasi tumelifukuza kombe bila kulikamata. Kwa kipimo chenu, tumefuzu.

3. Mbwa aitwaye Silverpil amesifiwa kwa kukimbia huku mguu ukimuuma. Beki wetu Juvénal alicheza misimu sita na goti bovu, na kila Jumapili alisimama kuimba kwaya. Ndugu Mwenyekiti, Silverpil aliimba sauti ya ngapi?

4. Hapa sitanii. Kipa wetu, Akili, tulimzika Februari. Hakuacha mtoto wala ndugu hapa Uswidi. Jina lake liliitwa kwa furaha mahali pamoja tu, na mahali penyewe sasa pana ubao wa mbwa. Inaniuma sana.

Naomba basi jina lake liongezwe. Ikiwa kanuni hairuhusu binadamu, niko tayari kuapa mbele ya mchungaji kwamba Akili alikuwa mbwa wa mbio, mwenye kasi ya wastani. Marehemu alipenda utani, hatakasirika.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulikuwepo.

Nisalimie wajumbe wote, wake kwa waume, pamoja na mbwa wao wa siku hizi, ambao hawana kosa.

Wako anayesubiri jibu kwa adabu,
Firmin Bahati

N.B. Kelly amegoma kutafsiri mpaka niseme yote. Miaka mitatu iliyopita mama Rebecka wa chama chenu alikuja uwanjani na daftari, akauliza ni nani wanaocheza hapo. Hatukuwa na kibali cha kuutumia uwanja, na kule tulikotoka, mwenye kalamu akiuliza nani yupo, hayupo mtu. Nilimjibu kwamba hapachezwi kitu, tunapita tu. Akaandika.

Tafadhali mwambieni arudi na daftari lake. Atakumbuka kulikuwa na bwana mmoja kando yangu, amevaa glavu hadi viwikoni, akimhakikishia kwa Kiswidi safi kwamba na yeye anapita tu. Huyo ndiye Akili.