Wiki ya Kufunga Mdomo

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amekata tamaa na kifua changu. Vidonge vyake nimemeza, pampu ya pumu nimevuta asubuhi na jioni mwaka mzima, na bado kila ghorofa nasimama nikijifanya natafuta funguo. Amesema pumu yangu ni sugu. Sugu! Nilijivunia kidogo. Kisha akasema imebaki sindano mpya, kila mwezi, hospitali kuu, kuanzia Ijumaa. Bila hiyo, shambulio kubwa likija litanimaliza.

Mimi ni fundi cherehani. Sindano naijua kuliko yeye, ndiyo maana siitaki. Nimeamua kupona kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Kitunguu saumu kwa asali, kijiko kila nikikumbuka. Wateja wanasimama nje ya mlango na kunitajia vipimo vyao kwa mbali. Mkasi, fundi wa chumba cha pili, mtu wa kijicho tangu kuzaliwa, amewakaribisha kwake na kuwafungulia dirisha.

Mchana nikajifukiza kwa mvuke wa pasi, nimejifunika koti la mteja. Pua imeungua. Kola pia.

Jumatano, 5 Machi

Bahati! Mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo kaja kupunguziwa suruali. Kumbe naye ana pumu, na mazoezi ya kupumua yamempa nafuu kubwa. Nilitaka kumdadisi, ila nilikuwa na pini mdomoni. Akanisoma machoni.

"Siri ni moja tu, fundi. Funga mdomo. Kutwa nzima."

Rahisi hivyo! Kumbe miaka yote maneno ndiyo yanayonimalizia pumzi. Inaingia akilini: ukisema unatoa hewa, huingizi. Tangu hapo sijatamka neno. Wateja nawajibu kwa chaki juu ya kitambaa. Pampu nimeificha ndani ya kopo la vifungo ili isiingilie tiba. Mke wangu aliuliza kulikoni, nikanyamaza. Alionekana kufurahi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga.

Alhamisi, 6 Machi

Mshindo umekuja. Asubuhi nikikata sufu, kifua kikabana kama ambavyo hakijawahi kubana. Mke wangu, aliyekuwa ameniletea chai, akauliza pampu iko wapi. Nikamwonyesha mdomo, kwamba umefungwa. Akauliza tena, sasa kwa kupiga kelele. Nikatafuta chaki. Mkasi akaja mbio kutoka chumbani kwake, akaruka meza yangu, akamwaga makopo ya vifungo moja baada ya jingine mpaka pampu ikadondoka. Wakanikimbiza kliniki kwa gari la mteja wake. Vifungo vya shaba vikipungua, najua pa kuanzia kuvitafuta.

Nimelazwa. Mwalimu alikuja kunitazama, akaapa mbele ya daktari kwamba alimaanisha nivute hewa kwa pua, kuongea niongee nipendavyo, na kwamba yeye dawa za daktari hajawahi kuziacha. Akatoa pampu yake mfukoni kama ushahidi. Namwelewa. Mbele ya daktari nani atasema siri?

Mke wangu alingoja wote watoke.

"Baba watoto, kila ukilala mimi nakaa macho, nasikiliza kama bado unapumua. Nimechoka. Kachomwe hiyo sindano."

Nikaona haya. Nikamwahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechomwa. Nilipiga kelele kidogo. Muuguzi anasema si kidogo.

Jumatatu, 14 Aprili

Sindano ya pili nimeshapata. Leo nimepanda ngazi zote bila kusimama, na mfuko wa vitambaa begani. Daktari anajipongeza. Mke wangu anamsifu daktari. Mkasi anajisifu mwenyewe, kwa wateja wangu. Hakuna hata mmoja anayekitaja kimya changu, ambacho ndicho kilichofanya kazi; sindano imekuja tu kupokea pongezi.

Ila furaha haikai. Mke wangu siku hizi analala kabla sijavua viatu, na anakoroma mpaka vikombe vinalia kabatini. Tangu nimwoe hajawahi kukoroma. Maskini, itakuwa nimemwambukiza. Nimekaa kitandani namsikiliza, roho mkononi. Kwa daktari simpeleki, tusije tukapoteza mwaka mwingine kwa vidonge. Kesho akiamka, naanza kumtibu mwenyewe.